Nimeuziwa Ford Model A ya 1929: nianzie wapi kujenga hotirodi kwa mikono?

Msumari wa Tanga (California) ameuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi kusini mwa California, na riziki yangu naipata kwa kuchomelea chuma katika kiwanda kidogo kinachounda matrela. Jirani yangu ni mzee wa Kimarekani ambaye amejenga hotirodi, yaani magari ya zamani yaliyopunguzwa uzito na kuongezewa nguvu ili yaende kasi, tangu alipokuwa kijana wa sekondari, na hata sasa, ingawa magoti yanamsumbua, haipiti siku bila kuingia gereji yake na kushika tupa au nyundo. Mzee huyo ameniuzia kwa bei ya ujirani mwema bodi ya Ford Model A ya 1929, aina ya rodista, yaani gari la wazi la viti viwili, pamoja na fremu yake na hati ya umiliki. Injini haipo, giaboksi haipo, sakafu imeliwa na kutu, na bati la chini nyuma ya milango yote miwili limetoboka kiasi cha kupitisha mkono.

Aliponikabidhi aliniomba jambo moja tu, kwamba kila ninachoweza kukitengeneza mwenyewe nikitengeneze, nisikimbilie kuagiza. Rai hiyo nimeipokea kwa moyo wote, kwa maana ndiyo iliyonivuta tangu mwanzo. Chini ya gari lake mojawapo nimeona vishikio vya paipu za breki alivyovikata kutoka kwenye bamba la chuma, akavipiga tupa hadi kila ukingo ukawa laini, mahali ambapo hakuna mtu atakayepaona gari likiwa barabarani.

Ninayo mashine ya kuchomelea, mitungi ya gesi, grainda na meza imara ya chuma. Ninachokosa ni mpangilio wa kazi. Je, nianze na bodi, fremu au injini? Injini yenyewe iwe ile Ford V8 ya zamani, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ambayo wenyewe huiita flathedi, au Chevrolet V8 ambayo vipuri vyake vimejaa kila duka? Na wale miongoni mwenu waliokaa na kazi hii kwa miaka mingi, ningependa kusikia ni kitu gani kinachowaweka humo umri mzima, maana mzee wangu nikimuuliza hucheka tu na kunipa msasa.

Babu Spana (Long Beach) amejibu:

Mwanangu, hongera kwa kupata bodi ya chuma ya asili na jirani wa namna hiyo. Swali lako la mwisho ndilo nitakaloanza nalo, kwa sababu ukilielewa hilo, mpangilio wa kazi utajipanga wenyewe.

Hotirodi hazikuzaliwa katika maonyesho ya magari. Zilizaliwa kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, kaskazini mwa Los Angeles, sehemu kama Muroc na El Mirage, ambako udongo umekauka ukawa tambarare na mgumu kwa kilomita nyingi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, vijana wasio na fedha walikuwa wakienda huko kupima mwendo wa magari waliyoyaunda kwa mabaki. Mabaki hayo yalikuwa mengi, kwa kuwa Ford ilikuwa imetoa zaidi ya Model T milioni 15 kati ya 1908 na 1927, kisha Model A karibu milioni 5 hadi kufikia 1931, na chakavu zake zilipatikana kwa senti. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana kuunda Southern California Timing Association, chama ambacho mpaka leo kinaendesha mashindano pale El Mirage. Vita vilipokwisha, vijana wengi walirudi wakiwa wamefunzwa kazi ya chuma na injini jeshini au katika viwanda vya ndege, na ufundi ukapanda ghafla. Januari 1948 likatoka toleo la kwanza la jarida la Hot Rod, na mwaka 1949 yakafanyika mashindano ya kwanza ya Speed Week kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah.

Nakueleza haya yote ili ujue kwamba kila unachokiona kwenye hotirodi kilikuwa na sababu kabla hakijawa pambo. Madigadi yaliondolewa kwa sababu ni uzito na yanakamata upepo. Rodista ilipendwa kuliko magari yenye paa kwa sababu ilikuwa nyepesi na ya bei ya chini. Ekseli ya mbele ilipashwa moto ikapindwa ili pua ya gari ishuke bila kuharibu springi. Hata ile desturi ya kuiweka bodi ya Model A juu ya fremu ya Ford ya 1932 ilikuja kwa sababu fremu hiyo iliundwa kubeba V8, ina nguvu zaidi, na pande zake zina mchirizi uliopigwa kiwandani ambao unapendeza hata ukiachwa wazi. Mtu anayejenga kwa mikono anapaswa kuijua sababu ya kila kitu kabla hajakikata.

Sasa, kuhusu umri mzima. Ed Iskenderian, ambaye kamshafti zake, yaani mihimili inayofungua vali za injini, zimesukuma magari ya mashindano duniani kote, alijenga rodista ya Model T akiwa kijana kabla ya vita, na gari hilohilo akalitunza maisha yake, hata baada ya kumiliki kiwanda ambacho kingeweza kumpa gari lolote alilotaka. Gene Winfield, aliyezaliwa 1927, alikuwa bado akikata na kushusha mapaa ya magari mbele ya watazamaji na kuwafundisha vijana kazi ya bati alipokuwa amevuka miaka 85. Kwa maoni yangu, kinachowashika watu hawa ni kwamba katika kazi hii kipande kimoja huamua kinachofuata. Huwezi kuipanga yote kwenye karatasi. Unatengeneza kishikio cha injini, kishikio kinakuonyesha mahali pa usukani, usukani unakuonyesha mahali pa ekzosi, na kila mara unalazimika kufikiri upya. Mtu aliyezoea kufikiri hivyo kwa mikono yake hawezi kukaa kitini kutazama televisheni.

Kwa hiyo jibu la mpangilio ni hili: amua injini kwanza, hata kama hujainunua. Chevrolet V8 ndogo iliyoanza 1955 ni injini bora na rahisi kuipata, lakini distribyuta yake, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ipo nyuma kabisa ya injini. Katika Model A, nafasi hiyo inagongana na ukuta unaoitenga injini na miguu yako, na nyuma ya ukuta huo, juu kidogo, kuna tangi la petroli, kwa maana Ford waliliunda tangi kuwa sehemu ya bodi mbele ya kioo. Ukichagua Chevrolet, utalazimika ama kuubonyeza ukuta huo ndani, ama kuisogeza injini mbele na kurefusha pua. Flathedi distribyuta yake ipo mbele, na injini yenyewe ni fupi kwenda juu, hivyo inakaa mahali pake kana kwamba ilitarajiwa. Mimi ningechagua flathedi, na sababu yangu si mazoea ya uzee. Umeambiwa utengeneze kwa mikono, na hakuna injini inayomfundisha mtu mengi kuliko hiyo.

Fundi Bodi wa Changamwe (Mombasa) amejibu:

Ndugu Msumari, salaam kutoka pwani. Mimi sijawahi kujenga hotirodi nzima, lakini nimenyoosha bodi tangu enzi za Peugeot 504 na Land Rover, na kazi ya wenzetu hawa nimeifuatilia kwa makini kwa sababu wanafanya kile ambacho sisi tulikuwa tunafanya kabla puti ya kujazia mashimo haijawa dawa ya kila kitu. Nitazungumzia bati la chini lililotoboka, kwani hapo ndipo wengi huharibu.

Kabla ya yote, liondoe lile tangi la petroli alilolitaja Babu Spana. Litoe nje kabisa, mbali na karakana. Tangi la zamani, hata likiwa limekaa tupu kwa miongo, huweza kubaki na mvuke unaolipuka, na cheche moja ya grainda inatosha. Wajenzi wengi huweka tangi jipya nyuma ya kiti ili petroli isikae juu ya magoti ya dereva, nami naona ni uamuzi wa busara.

Pili, usikate bati lolote kabla bodi haijafungwa kwenye fremu iliyonyooka, milango ikiwa imening'inia kwenye bawaba zake na kufunga vizuri. Bodi ya wazi haina paa la kuishikilia. Ukiikata chini ikiwa imewekwa sakafuni, itafunguka au kujikunja bila wewe kutambua, na siku ya kufunga milango utakuta pengo la kidole upande mmoja na upande mwingine bati linasugua. Chomelea kwa muda mabomba ndani ya bodi, moja likivuka kutoka nguzo ya mlango wa kushoto hadi ya kulia, na mengine yakipita kwenye uwazi wa mlango kutoka mbele kwenda nyuma. Hayo yatatoka mwishoni.

Sasa kipande chenyewe. Bati la Ford hizo ni nene, takriban milimita 1, na linapigika vizuri sana kuliko bati la magari ya leo. Chukua karatasi ngumu, ilaze juu ya sehemu nzima ya upande wa pili ambayo haijaoza, uchore umbo lake, kisha uigeuze. Kata kutu yote mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa unapokisugua, hata kama shimo litakuwa kubwa mara mbili ya ulivyotarajia. Kipande kipya ukitengeneze kwa kukipiga juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga kwa nyundo ya mti. Piga kuanzia katikati kama unataka tumbo, na kwenye kingo kama unataka zijikunje. Kila baada ya mapigo machache kipeleke kwenye gari ukijaribishe. Fumba macho upitishe kiganja juu ya maungio ukivaa glavu nyembamba ya pamba. Kiganja hugundua mwinuko ambao jicho haliuoni.

Maungio yakutane ukingo kwa ukingo, bati lisilale juu ya bati, kwa sababu maji hujificha katikati na kutu hurudi ileile. Shikilia kwa nukta ndogo za kuchomelea umbali wa vidole viwili, na kila nukta ipige nyundo kidogo huku nyuma ukishika kipande kizito cha chuma kilicholainishwa. Hapa ndipo ningekuomba uache mashine ya waya uliyoizoea kwenye matrela. Chomeo lake ni gumu, ukiligonga linapasuka au linakataa kutii. Moto wa gesi na waya laini wa chuma huacha chomeo laini ambalo unaweza kulipiga mpaka likawa sawa na bati lenyewe, na ukilipitishia tupa hutaona lilipoanza wala lilipoishia. Bati litavutika na kujipinda kwa joto, hilo ni la kawaida. Palipovimba, pasha moto sehemu ndogo ya ukubwa wa sarafu hadi iwe nyekundu, gonga kuizunguka kwa haraka, halafu ipoze kwa kitambaa chenye maji. Utaona bati likijivuta mahali pake.

Wale wa zamani kule California walimalizia kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa badala ya puti, na matokeo yake yanadumu. Ukitaka kuifuata njia hiyo, ilainishe kwa tupa ya mkono peke yake, usiipitishie grainda wala msasa wa mashine, kwa kuwa vumbi la risasi ni sumu inayokaa mwilini, na watoto wako wasiingie humo siku hiyo.

Dada wa Fremu (Ohio) amejibu:

Shikamoo Babu Spana, na Fundi Bodi nakushukuru kwa maelezo hayo ya glavu, nimeyajaribu mchana huu na ni kweli tupu.

Kaka Msumari, mimi ni fundi wa kuchomelea na nimejenga fremu kadhaa za hotirodi katika karakana ya familia ya mume wangu. Ningependa ufikirie fremu na breki kabla hujaanguka katika mapenzi ya bati, kwani gari hili utapanda wewe, na huenda siku moja ukampakia mwanao.

Fremu ya Model A ni mfereji wa chuma ulio wazi upande wa ndani, na iliundwa kwa injini ya nguvu za farasi 40. Ukiifunga V8 yoyote itasokotwa. Ukiamua kuitumia hiyohiyo, kata mabamba uyachomelee kuziba upande ulio wazi, ili mfereji uwe boksi. Kazi hii ndiyo inayopinda fremu nyingi kuliko ajali. Ifunge fremu kwenye ile meza yako kwa vibano, pima kutoka pembe hadi pembe kwa mkingamo, pande zote mbili zilingane, kisha chomelea vipande vifupi vya sentimita 3 hivi, ukiruka kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka mbele kwenda nyuma, na kuacha chuma kipoe katikati. Ukichomelea upande mmoja mfululizo, fremu itakuwa na umbo la ndizi kabla hujala chakula cha mchana.

Mbele, Ford walitumia springi moja ya majani iliyolala kukingama juu ya ekseli, na mhimili wenye umbo la uma ulioishika ekseli isirudi nyuma. Uma huo kwa kawaida unakutana katikati chini ya giaboksi, mahali ambapo injini mpya inataka kupita, hivyo wajenzi huupasua na kuifunga miguu yake miwili pembeni mwa fremu. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: ukishaupasua, kila gurudumu moja likipanda tuta, ekseli inalazimika kujisokota. Ekseli ya asili ya Ford, yenye umbo la herufi I, inakubali kusokotwa kidogo bila madhara. Ekseli ya bomba haikubali, na kitakachovunjika ni kishikio au chomeo. Kama utatumia ekseli ya bomba, tumia fito nne sambamba badala ya uma uliopasuliwa. Kisha ilaze ekseli nyuma kwa pembe ya digrii 5 hadi 7, ili usukani ujirudishe wenyewe na gari lisitangetange kwenye barabara kuu.

Breki za asili za Model A zilivutwa kwa fito, hazikuwa na mafuta. Breki za mafuta Ford walianza kuzitumia mwaka 1939, na zile za kati ya 1939 na 1948 zinaingia kwenye ekseli za zamani bila taabu kubwa, ndiyo maana tangu miaka ya 1940 kila mjenzi alizitafuta. Mimi naziheshimu, lakini masta silinda, yaani pampu kuu ya mafuta ya breki, weka ya kisasa yenye vyumba viwili, ili paipu moja ikipasuka ubaki na breki za mbele au za nyuma. Na kwa kuwa kwenye gari la namna hii masta silinda hukaa chini ya sakafu, chini kuliko breki za magurudumu, mafuta huweza kurudi nyuma gari likiegeshwa, na pedali ikazama mguuni. Weka vali ndogo za kuzuia shinikizo lisipotee: zile za shinikizo la pauni 10 kwa breki za ngoma, na za pauni 2 kwa breki za diski.

Mpenda Mwendo (Toronto) amejibu:

Naheshimu ufundi wenu wote, lakini mbona hamumwambii ndugu yetu kwamba bodi mpya za chuma zinauzwa? Brookville Roadster, kampuni ya Ohio, inapiga bodi mpya za Model A na za Ford ya 1932 kwa mashine, bati safi, milango imeshafungwa. Muda atakaoutumia kupiga viraka angeutumia kuendesha. Zipo pia bodi za faiba za bei nafuu zaidi. Mwisho wa yote gari ni la kuendesha, au sivyo?

Fundi Bodi wa Changamwe amejibu:

Ndugu Mpenda Mwendo, bodi hizo ni nzuri na sina neno baya juu yake. Mtu asiye na bodi kabisa, ninamshauri anunue. Lakini huyu anayo ya asili, ina hati, na kilichooza ni sehemu ya chini tu ambayo mtu mvumilivu anaitengeneza kwa karatasi, nyundo na moto. Zaidi ya hapo, mzee aliyemuuzia yu hai na yupo mlango wa pili. Ujuzi wa mtu kama huyo hauandikwi kwenye boksi la kipuri. Njia pekee ya kuupata ni kusimama naye kando ya kipande kibovu na kumwona anaanzia wapi kugonga. Bodi mpya ataweza kuinunua hata baada ya miaka kumi, ila nafasi ya kujifunza kwa mzee huyo ni ya sasa.

Msumari wa Tanga amejibu:

Sina maneno ya kutosha kuwashukuru. Nimemsomea mzee majibu haya kwa Kiingereza, na nilipofika kwenye suala la ekseli ya bomba alitikisa kichwa kwa muda mrefu, akasema dada huyo asikilizwe.

Nimeshaamua: flathedi, fremu ya asili iliyozibwa kuwa boksi, bodi ya asili. Mzee anajua mahali palipo na bloku mbili za Ford za miaka ya 1940 zilizokaa kwenye banda. Babu Spana, nizikague vipi kabla sijatoa fedha? Na ni kweli kwamba injini hizi zinachemka bila tiba? Dada wa Fremu, nawe naomba neno kuhusu hati, maana yangu ina namba ya injini ambayo haipo tena.

Babu Spana amejibu:

Uamuzi mzuri, mwanangu. Kuchemka kuna sababu, na sababu hiyo imo ndani ya bloku. Ford V8 hii, iliyoanza 1932 ikiwa na inchi za ujazo 221, sawa na lita 3.6, na nguvu za farasi 65, ina vali ndani ya bloku badala ya juu ya silinda. Ekzosi basi haina njia fupi ya kutoka. Moshi wa moto unapita ndani ya bloku, katikati ya njia za maji, hadi pembeni, na zaidi ya hapo silinda mbili za katikati za kila upande zinatumia tundu moja la kutolea moshi. Joto hilo lote linaingia kwenye maji. Lakini injini nyingi zinazosingiziwa kuchemka kwa asili zina uchafu tu. Mchanga na hata waya vilivyotumika kiwandani wakati wa kumimina chuma vilibaki kwenye njia za maji, na miaka 80 ya kutu imeongezeka juu yake. Toboa kwa waya mrefu, gonga, puliza, osha, rudia, mpaka maji yatoke meupe. Mtu anayeifanya kazi hiyo kwa subira na kuweka rejeta nzuri ataendesha hata katika joto la Agosti.

Kuhusu ukaguzi, ufa ndio adui. Ufa wa flathedi hupenda kukaa kati ya kiti cha vali na tundu la silinda, pale chuma kilipo chembamba. Usiridhike na macho. Karakana ya mashine ikupimie kwa unga wa chuma na sumaku, na ufanye hivyo kabla ya kulipia bloku, si baada ya kuitoboa upya. Bloku zote mbili zikiwa nzima, chagua ile ambayo matundu yake hayajatanuliwa sana. Iwapo siku moja utapenda nguvu zaidi, krenkishafti ya Mercury ya 1949 hadi 1953, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huzipa pistoni mwendo wa inchi 4 kupanda na kushuka, nayo huingia kwenye bloku ya miaka hiyo ya 1940 kwa marekebisho. Pamoja na matundu yaliyotanuliwa kufikia inchi 3 na 5/16, utapata inchi za ujazo 276. Vijana wa maziwa makavu walitumia mchanganyiko huo sana. Ila injini yako ya kwanza ijenge ya kawaida, uisikilize inavyolia, ndipo uiongezee.

Dada wa Fremu amejibu:

Usihofu juu ya namba. Ford waliigonga namba ya injini pia kwenye fremu, upande wa juu wa mhimili wa kushoto, karibu na ukuta wa mbele, ambapo kwa sehemu hufunikwa na bodi. Ndiyo maana hati za zamani zenye namba ya injini bado zina maana hata injini ikiwa imeondoka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuitunza fremu yako ya asili. Gari likibaki kisheria Ford ya 1929, California haitakudai upimaji wa moshi, kwa kuwa magari ya petroli ya 1975 na ya kabla yake hayapimwi. Ukibadilisha bodi na fremu zote kwa mpya, gari huhesabiwa kuwa limeundwa upya, na vyeti vinavyoliruhusu gari la namna hiyo kupimwa kwa kufuata mwaka wa gari linalofanana nalo hutolewa 500 tu kwa mwaka kwa jimbo zima.

Kwa hiyo, kabla hujaipeleka fremu kusafishwa kwa mchanga wa shinikizo, nyanyua bodi, sugua mahali hapo taratibu kwa brashi ya waya na mafuta, usitumie grainda hata kidogo. Namba ikijitokeza, ilinganishe na hati herufi kwa herufi, ipige picha pamoja na sehemu kubwa ya fremu ili ionekane ipo wapi, kisha ifunike kwa utepe mnene. Na yeyote atakayekusafishia fremu, mwonyeshe kwa kidole mahali hapo umwambie asipaguse.